Muulize Bwana Shamba: Kazi za Masika na Wanyama Wanaokuja na Mvua

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, kwa wasomaji wanaofanya kazi Dar es Salaam na ambao shamba lao la ekari mbili au tatu huliona Jumamosi na Jumapili. Masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, huwapa shida kuliko msimu mwingine wowote, kwa sababu mvua haisubiri mwisho wa wiki, na mara majani yanapochipua hufika pia panya, nyoka, siafu, ngedere na nyuki. Nimechagua barua sita.

Mvua imenyesha mara mbili, je, nipande?

Bwana Shamba, salamu. Nina ekari mbili Kibaha. Wiki iliyopita mvua ilinyesha mara mbili na majirani wameanza kupanda mahindi. Mimi hufika shambani Jumamosi tu. Nianze na kazi ipi? Na je, nichome mabua na majani makavu ili shamba liwe safi? Msomaji, Kibaha.

Ndugu msomaji, usihesabu mvua, angalia udongo. Chimba kwa jembe mahali patatu tofauti, hasa pale palipoinuka ambapo maji hupita haraka, kisha tia mkono shimoni. Ikiwa udongo una unyevu na ubaridi hadi kina cha sentimita 15 au zaidi, panda siku hiyo hiyo. Ukikuta chini ya vidole vinne tu kuna vumbi kavu, vumilia, kwa maana mbegu itaota kwa unyevu wa juu na kukauka kabla mvua ya kweli haijatulia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu mzima kabla ya masika kuanza, pamoja na taarifa za siku kumi kumi, na mtu anayelima kwa mbali anapaswa kuzifuatilia kuliko hata jirani yake anayelala shambani.

Kwa ukanda wenu wa chini mbegu kama Staha na TMV-1 zimezoeleka na zinafaa. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shina na shina ukiweka mbegu moja, au 60 ukiweka mbegu mbili, katika kina cha sentimita tano hivi. Palizi ya kwanza hufanyika wiki mbili baada ya kuota, na mbolea ya kukuzia hutiwa mahindi yanapofika magotini, yaani kati ya wiki ya tatu na ya nne, udongo ukiwa na unyevu. Kazi inayowashinda wengi wa wakulima wa Jumamosi ni hiyo palizi ya kwanza. Kwa hiyo kibarua wa palizi mtafute na mpatane kabla hujapanda, kwa sababu wiki hiyo ikifika kila mwenye jembe kijijini atakuwa na kazi yake.

Kuhusu moto, nakusihi usichome. Mabua hayo yafyeke na kuyalaza kati ya mistari yawe matandazo. Yatazuia matone makubwa ya masika yasipige udongo wa kichanga na kuuondoa, na yatahifadhi unyevu siku mvua zitakapokatika katikati ya msimu. Tena moto wa shamba huua kobe, vinyonga, mijusi na kalunguyeye, ambao hawana mbio za kuukimbia. Vinyonga, mijusi na kalunguyeye hula wadudu usiku na mchana, na ukiwaunguza mwezi Machi utawahitaji sana mwezi Aprili.

Bundi ameingia darini mwa ghala

Bwana Shamba, shikamoo. Katika ghala letu la Kisarawe bundi wamefanya makazi juu ya dari. Usiku wanatoa sauti ya kukoroma na mlio mkali unaowaogopesha watoto. Mama mkwe anasema ni uchuro na wafukuzwe. Wakati huo huo panya wamefukua mbegu za mahindi tulizopanda, na mume wangu amenunua sumu. Tufanye nini? Msomaji, Kisarawe.

Marahaba, mama. Barua yako ina maswali mawili ambayo kwa kweli ni jambo moja, nami nitalijibu kwa kirefu kwa sababu mashamba mengi ya Pwani yanapoteza mbegu kila mwaka kwa kutolielewa.

Tuanze na panya. Yule anayefukua mbegu ni panya shamba, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi. Jike lake huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na kinachoamsha uzazi huo ni mvua, kwa sababu majani machanga na mbegu za nyasi humpa lishe. Ndiyo maana mvua za vuli zikiwa nyingi, zile za Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda masika panya huwa tele. Hufuata mstari wa kupandia na kufukua shimo baada ya shimo, na hatari hiyo hudumu tangu siku ya kupanda mpaka mche unapokuwa na wiki mbili hivi, kwani baada ya hapo punje imekwisha nguvu na panya haitamani tena.

Sasa nenda chini ya dari ya ghala lako mchana, uangalie sakafuni. Utakuta madonge meusi yenye ukubwa wa kidole gumba, mapya yaking'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, ya zamani yakiwa ya kijivu na mepesi. Hicho si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha tumbo lake likishasaga nyama hucheua manyoya na mifupa vikiwa vimesokotwa pamoja. Lipasue donge moja kwa vijiti viwili, watoto wako wakitazama: ndani ya manyoya utaona fuvu dogo lenye meno marefu ya mbele ya rangi ya machungwa, taya mbili, mbavu nyembamba kama nywele ngumu, na mara nyingi fuvu la pili, pengine na la tatu. Kila fuvu ni panya mmoja ambaye hatafukua tena mbegu yako.

Sauti ya kukoroma unayoisikia ni ya makinda wakiomba chakula. Kama wazazi wana uso mweupe wenye umbo la moyo, hao ni bundi wanaopenda maghala na madari kuliko miti, na mayai yao huanguliwa kwa kupishana siku, hivyo kinda mkubwa na mdogo hukaa kiota kimoja wakila usiku kucha. Ule mlio mkali ni wa mzazi. Imani ya mama mkwe wako ni ya wazee wetu wengi, na sikushauri ubishane naye. Mwonyeshe hayo mafuvu kwa heshima, umwache ayahesabu mwenyewe.

Sumu ndiyo inayonitia wasiwasi. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huua polepole, kwa kuzuia damu isigande, na panya aliyeila hutembea siku kadhaa akiwa amelegea, akawa windo rahisi kuliko mengine yote. Bundi akila panya wa namna hiyo mara kwa mara, naye hufa, pamoja na makinda, na vivyo hivyo paka wako na kicheche wa porini. Baada ya hapo panya waliobaki huzaana upya bila wa kuwapunguza, na mwaka unaofuata utanunua sumu nyingi zaidi.

Nashauri hivi. Sumu irudishwe dukani au ifungiwe mbali na watoto. Fyeka majani pembezoni mwa shamba kabla ya kupanda, kwa upana wa mita tatu au nne, maana panya shamba hapendi uwanja ulio wazi ambapo ndege humwona. Tega mitego ya kubana usiku ule ule mnaopanda na siku zinazofuata, na mkubaliane na majirani wapande na kutega wiki moja, kwa kuwa panya hawajui mpaka wa shamba. Punje zilizomwagika ghalani zifagiliwe kila mnapoondoka, na magunia yawekwe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Bundi waacheni. Ikiwa uchafu wao unadondokea magunia, tandikeni turubai chini ya kiota mpaka makinda yaruke.

Nyoka karibu na nyumba

Bwana Shamba, tangu mvua zianze tumeona nyoka watatu kuzunguka nyumba ya shamba, Mkuranga. Mmoja ni mnene, amelala njiani bila kukimbia. Tunaogopa kuwaleta wajukuu. Je, kuna dawa ya kumwaga? Msomaji, Mkuranga.

Mzee wangu, shikamoo. Dawa ya kumwaga inayofukuza nyoka kwa uhakika hakuna, na mafuta ya taa yanayomwagwa kuzunguka nyumba yanaharibu udongo na kisima chako bila faida. Nyoka huyo mnene asiyekimbia, kwa maelezo yako, yaelekea ni kifutu, ambaye wengine humwita moma. Huyu hutegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, hujilaza akingoja panya au chura apite, na huwauma watu kwa sababu tu wamemkanyaga. Koboko na fira mara nyingi hukimbia wakipewa nafasi.

Kwa hiyo ondoa kinachowaleta. Rundo la matofali, mbao na makuti lililoegemea ukuta wa nyumba lihamishiwe mbali, nyasi zikatwe ziwe fupi kwa mita kumi kuzunguka nyumba, mashimo ya msingi yazibwe, na chakula cha kuku kisilale nje. Kazi hii ifanyike mwishoni mwa kiangazi, kabla majani hayajarefuka. Ikifanyika sasa, mfyekaji avae buti za mpira na atangulize fimbo ndefu kabla ya mkono. Usiku hakuna mtu kutoka bila tochi na viatu, hata kwenda chooni tu, na wajukuu wafundishwe hivyo siku ya kwanza wanayofika.

Mtu akiumwa, asichanjwe, asifyonzwe jeraha, wala asifungwe kamba ya kubana. Mtulize, mvue pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikisike kwa kukifunga kwenye kijiti kama cha mtu aliyevunjika, kisha mpelekeni hospitali bila kupitia kwa mganga. Kabla ya yote hayo, safari ijayo piteni hospitali ya wilaya na muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, au ni hospitali ipi ya karibu inayokuwa nayo, muandike jibu ukutani. Ikiwa ni swila, yule anayetema, na sumu imeingia machoni, osheni macho kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo, kisha hospitali.

Viwavi ndani ya moyo wa mahindi

Bwana Shamba, mahindi yangu ya Bagamoyo yana wiki tatu. Majani yana matundu, na katikati ya mche kuna kitu kama unga wa mbao. Nimeambiwa nipige dawa shamba zima mara moja. Msomaji, Bagamoyo.

Dada, hicho kama unga wa mbao ni kinyesi cha kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia Tanzania. Usimchanganye na viwavijeshi wetu wa zamani, wanaotembea kwa makundi ardhini mchana na kumaliza nyasi za malisho. Huyu hujificha katika moyo wa mhindi, na ukimtoa utaona kichwani alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba.

Kabla ya kupiga dawa, kagua. Ingia shambani ukitembea kwa kwenda kushoto na kulia hadi upande wa pili, simama mahali patano, kila mahali uangalie miche 10 au 20, uhesabu yenye majani mapya yaliyoliwa. Katika umri huo, wataalamu wengi huchukua kwamba ikipungua mche mmoja kati ya mitano, mkono unatosha: ponda mayai, ambayo hutagwa kwa vifungu vya mia moja au mia mbili na kufunikwa kwa kitu kama pamba, mara nyingi upande wa chini wa jani, na tia mchanga laini uliochanganywa na majivu ndani ya moyo wa kila mche ulioshambuliwa. Kwa ekari moja kazi hiyo huwezekana kwa watu watatu asubuhi moja. Ikizidi hapo, tumia kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ukielekeza bomba ndani ya moyo wa mche, jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani na viwavi wakianza kutoka. Kiwavi mkubwa aliyeziba mlango kwa kinyesi chake hafikiwi na dawa, hivyo anayengoja mpaka majani yawe matambara atakuwa ametupa fedha.

Kupiga shamba zima bila kukagua kuna hasara nyingine. Kaa kimya kando ya mstari wa mahindi saa nne asubuhi utaona nyigu wakiingia na kutoka katika mioyo ya miche. Wengine huwabeba viwavi wadogo kwenda kulisha makinda yao, na wengine wadogo mno kuliko sisimizi hutaga ndani ya mayai ya nondo. Sisimizi nao hupanda wakitafuta. Dawa iliyopigwa ovyo huwaua hao kwanza.

Ngedere wanakula kila kitu

Bwana Shamba, shamba letu liko pembeni ya msitu. Ngedere wanang'oa kunde na mahindi machanga. Mtu ametushauri tuwatege kwa sumu. Msomaji, Kisarawe.

Sumu ya ngedere itaua mbwa wako, tai, na pengine mtoto wa jirani, na kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Pelekeni taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, hasa kundi likiwa kubwa.

Lakini nitasema wazi kwamba ngedere hazuiwi na kitu kingine kama mtu aliyepo. Wazee wetu walijenga dungu na kuwinga tangu alfajiri mpaka jua linapozama, kwani ngedere hutembea mchana tu. Ninyi hampo siku tano kati ya saba, kwa hiyo mpango wa mazao ndio ubadilike. Upande wa msitu pandeni pilipili, au muhogo mchungu ikiwa nyumbani mnajua kuumenya, kuuloweka na kuukausha vizuri; mahindi, kunde na mapapai yaje karibu na nyumba. Acheni ukanda uliofyekwa kati ya msitu na zao la kwanza, na mchangie na majirani wawili au watatu kumlipa mlinzi mmoja kwa majuma ya kuota na ya kukomaa.

Siafu, kuku na mzinga

Bwana Shamba, siafu waliingia banda la kuku usiku wakaua vifaranga. Pia kundi la nyuki limetua kwenye mwembe wetu. Nafikiri kuyaondoa yote kwa moto. Msomaji, Kibaha.

Pole kwa hasara hiyo. Siafu huhama mvua zinapojaza mashimo yao, na kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Inueni banda juu ya miguu, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na hakikisheni hakuna jani wala tawi linalogusa banda likawa daraja. Mlinzi akiona mstari wa siafu, afungue mlango kuku watoke, kisha amwage majivu ya moto mbele ya mstari. Saa chache baadaye watakuwa wamepita, na mende na panya wa bandani watakuwa wamekwenda nao.

Mkiwa bandani, badilisheni maranda yaliyolowa kabla kuhara damu hakujaanza, na kagueni tarehe ya chanjo ya mdondo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Masika huzalisha mbu wengi, na mbu hueneza ndui ya kuku, kwa hiyo mwulizeni mtaalamu wa mifugo kuhusu chanjo ya bawa kwa vifaranga.

Nyuki msiwachome. Kundi lililotua kwenye tawi limegawanyika kutoka mzinga mwingine na linatafuta makazi. Kwa kawaida huondoka baada ya saa kadhaa au siku chache. Watoto, mbwa na mbuzi wakae mbali, na mbuzi wa kamba afunguliwe kabisa, maana mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia nyuki wakichokozwa. Mkitaka wabaki, mwiteni mfugaji nyuki wa jirani jioni, aje na mzinga uliopakwa nta kwa ndani. Utundikwe kwa waya zilizopakwa grisi ili sisimizi wasishuke, mlango uelekee mbali na njia na banda, na chini yake kuwe na beseni la maji lenye mawe ya nyuki kutua. Matikiti na maboga yenu yatatoa maua muda si mrefu, na maua ya jike ya mimea hiyo hayashiki tunda bila mdudu wa kuyatembelea asubuhi.